Sura ya Saba: Namba Nne Hayupo, Namba Tano Hayupo

Mashabiki wa Manchester United waliingia msimu wa 2023/24 wakibishana kuhusu mshambuliaji. Rasmus Højlund alikuwa amenunuliwa kutoka Atalanta kwa pesa ndefu, na kila kijiwe kilitaka kujua kama bwana mdogo huyo atafunga. Kufika mwisho wa Septemba hoja hiyo ilikuwa imekufa. Watu walikuwa wanahesabu mabeki. Tyrell Malacia alikuwa amefanyiwa upasuaji wa goti, na msimu mzima hakucheza hata mechi moja. Luke Shaw aliumia msuli mwezi Agosti. Raphaël Varane alishindwa kurudi kipindi cha pili dhidi ya Nottingham Forest. Lisandro Martínez, aliyevunjika mfupa wa unyayo Aprili katika mechi na Sevilla, aliumia tena mguu uleule, akarudishwa kwa madaktari wa upasuaji. Sergio Reguilón akaazimwa haraka kutoka Tottenham ili kuziba upande wa kushoto. Sofyan Amrabat, kiungo wa Morocco ambaye alikuja kucheza katikati, akajikuta naye anasukumwa hukohuko kwa beki wa kushoto.

Tanzania tuna namna yetu ya kuipanga timu kwa namba, tuliyorithi toka enzi za jezi za moja hadi kumi na moja. Namba mbili na tatu ni mabeki wa pembeni, nne na tano ni mabeki wa kati, sita ni kiungo mkabaji. Mchezaji anaweza kuvaa jezi namba 35 mgongoni, lakini kibandani tunapotazamia mechi ataitwa tu namba tano kama ndipo anapocheza. Ndiyo maana taarifa ya majeruhi wa United msimu ule ilikuwa fupi mitaani: namba tatu hayupo, namba nne hayupo, namba tano hayupo. Kila mtu alielewa.

Katikati ya hali hiyo, Septemba 1, 2023, siku ya mwisho ya dirisha la usajili, klabu ikamsaini Jonny Evans kwa mkataba wa mwaka mmoja. Alikuwa na miaka 35. Alikuwa huru baada ya kushuka daraja na Leicester City, msimu ambao sehemu kubwa yake alikuwa majeruhi. Julai United walimchukua kwa mkataba mfupi wa maandalizi tu, apate pa kufanyia mazoezi na awasaidie vijana kwenye ziara. Alicheza dhidi ya Lyon pale Edinburgh, akasafiri na timu hadi Marekani, akawa mtu mzima ndani ya kikosi cha watoto kilichofungwa 3-1 na Wrexham mjini San Diego. Mashabiki wa Arsenal na Liverpool walicheka hadi machozi. Wengine walisema timu inasajili mlinzi wa geti. Nakumbuka kijana mmoja wa bodaboda aliyetangaza mbele ya kibanda kizima kwamba siku Evans akianza yeye ataenda kulala. Alianza, Septemba 23, ugenini kwa Burnley, na kijana alikuwepo, kiti cha mbele.

Mechi ile inafaa kusimuliwa taratibu. Ilikuwa mara ya 200 kwa Evans kuichezea United, na mara yake ya kwanza kuanza tangu alipoondoka mwaka 2015. Kipindi cha kwanza alifunga kwa kichwa, bao likakataliwa kwa sababu Højlund alikuwa ameotea na kumziba kipa. Kabla tu ya mapumziko akaupata mpira ndani ya nusu yake, hakuna anayembughudhi. Beki kijana wa leo, aliyefundishwa kucheza kutoka nyuma, hapo angempa pasi fupi kiungo aliye karibu. Evans aliinua kichwa, akapiga mpira mrefu juu ya ukuta wa Burnley. Bruno Fernandes akauunganisha hewani bila kuutuliza. 1-0, na ndivyo mechi ilivyokwisha. Ng'ombe hazeeki maini, alisema mtu nyuma yangu, na safari hii hakuna aliyebisha.

Ila nisingependa msomaji aione stori hii kama ya babu aliyerudi kuokoa ukoo, maana mambo hayakuwa hivyo. Oktoba 29, Manchester City walikuja Old Trafford, wakashinda 3-0 mbele ya Evans na Harry Maguire. Siku kumi baadaye, Copenhagen, Evans mwenyewe aliumia na kutolewa mapema kipindi cha kwanza, na United wakafungwa 4-3. Aliyeletwa kuziba pengo la majeruhi akawa jina jingine kwenye orodha. Kilichonivutia mimi ni kitu kingine: kwa nini kocha Erik ten Hag, kila alipobanwa, alimrudia mtu huyu ambaye mbio zake zilishaisha? Jibu, naona, liko nyuma sana katika maisha ya Evans.

Alizaliwa Belfast, Januari 1988. Akiwa bado mtoto familia yake ilihamia Manchester ili yeye na mdogo wake Corry wakue katika akademia ya United. Akiwa na miaka 18 alipelekwa kwa mkopo Royal Antwerp, Ubelgiji. Januari 2007 akapelekwa Sunderland kwa Roy Keane, kocha ambaye hakuwa na subira na uzembe, na timu ile ikachukua ubingwa wa daraja la pili na kupanda Ligi Kuu. Aliporudi nyumbani akawakuta Rio Ferdinand na Nemanja Vidić, labda pacha bora wa mabeki wa kati Ulaya kwa wakati ule. Kwa kijana anayetaka namba, hakuna bahati mbaya kuliko hiyo. Kwa anayetaka kujifunza, hakuna darasa bora.

Na darasa lile lilikuwa na siku zake za msiba. Desemba 2009 mabeki wa United waliumia karibu wote kwa pamoja. Sir Alex Ferguson akaenda Wolfsburg, Ujerumani, na ukuta wa watu watatu: Patrice Evra akiwa beki pekee wa kweli, pamoja na viungo wawili, Michael Carrick na Darren Fletcher. Walishinda 3-1 kwa mabao matatu ya Michael Owen, kisha muda mfupi baadaye Fulham wakawatandika 3-0. Mashabiki walioona namba sita akirudi kucheza namba nne mwaka 2024 na kudai haijawahi kutokea, walikuwa wamesahau.

Halafu Agosti 2011. Mechi ya kwanza ya ligi, pale West Brom, Ferdinand na Vidić wote wawili waliumia. Ukuta wa bingwa mtetezi ukabaki kwa Evans, miaka 23, na Phil Jones, miaka 19. Wiki mbili baadaye vijana hao walikuwa uwanjani United ilipoifunga Arsenal 8-2. Miezi miwili baadaye, Oktoba 23, Evans alimvuta Mario Balotelli mwanzoni mwa kipindi cha pili, akapewa kadi nyekundu, na City wakaondoka Old Trafford na ushindi wa 6-1. Ndani ya vuli moja alionja asali na shubiri. Mtu aliyepitia yote mawili kabla ya kufika miaka 24 hahitaji kuambiwa kijana anajisikiaje anapotupwa ndani kwa sababu wakubwa wake wako hospitali.

Desemba 23, 2023, saa tisa na nusu alasiri kwa saa zetu, United walikuwa ugenini kwa West Ham. Joto la Dar es Salaam mwezi huo halina adabu, na kibanda kilikuwa na feni moja iliyoelekezwa kwenye televisheni badala ya watu. Kikosi kilipotoka, minong'ono. Beki wa kati wa pili alikuwa Willy Kambwala, miaka 19, mechi yake ya kwanza kabisa katika kikosi cha wakubwa. Pembeni yake: Evans.

"Huyu Kambwala katokea wapi?" kijana wa bodaboda akauliza.

"Kinshasa," akajibiwa. "Mkongomani huyo. Wafaransa wamemlea."

"Basi leo tunakufa. Mtoto na babu."

Fundi cherehani mmoja wa mtaa ule, ambaye zamani alicheza namba tano kwenye mashindano ya ndondo na hadi leo anatembea kwa kuburuta mguu wa kushoto kidogo, akamgeukia. "Mwanangu, ukitaka kujua kama tunakufa, acha kuufuata mpira. Mwangalie huyo babu mkono wake."

"Mkono una nini, mzee wangu?"

"We mwangalie tu."

Nami nikatazama. Kila mpira ulipokuwa mbali, upande wa pili kabisa wa uwanja, Evans alikuwa anaonyesha. Kiganja kikishuka: shuka. Kidole kikielekea pembeni: huyo wako. Mara anageuza kichwa nyuma, mara anarudi kumtazama mwenzake, mdomo haufungi. Kambwala, bonge la mtu, mwenye mbio na nguvu ambazo Evans hakuwa nazo hata ujanani, alikuwa anasogea hatua mbili huku, tatu kule, kama anavyoelekezwa. Hatua hizo kamera haizifuati. Mtazamaji wa televisheni anaona tu kwamba mshambuliaji hakupewa pasi, anadhani kiungo wa West Ham kakosa ubunifu.

Hili ndilo linalopotea mabeki wanapoumia, na ndilo mijadala yetu ya majeruhi hulisahau. Tunahesabu miguu. Tunasema wamebaki wangapi, nani mrefu, nani ana mbio. Lakini namba nne na namba tano ni kazi ya watu wawili wanaogawana macho. Mpira ukiwa kushoto, beki wa kushoto anautazama mpira, hawezi kumwona anayempita mgongoni; pacha wake ndiye anayemwonea. Mmoja akitoka kwenda kukaba, mwingine lazima aanguke nyuma yake, na uamuzi huo unafanyika kabla mtu hajamaliza kupumua. Wakitoka wote, kuna shimo. Wakibaki wote, mshambuliaji anageuka na kupiga. Waliozoeana hawahitaji hata kusemezana. Wasiozoeana wanahitaji mmoja aseme, na aseme mapema. Msimu ule United ilitumia zaidi ya jozi kumi tofauti za mabeki wa kati. Hakuna mazoea yanayoota katika hali hiyo. Kilichobaki ni sauti, na mwenye sauti alikuwa mmoja.

Zilipita dakika 70 bila bao. Halafu Jarrod Bowen akafunga, muda mfupi baadaye Mohammed Kudus akaongeza, ikaisha 2-0. Matokeo ni matokeo, na kijana wa bodaboda aliyakumbusha mara kadhaa. Lakini Kambwala hakutoka pale akiwa kichekesho, na Aprili 7, 2024 aliaminiwa tena, safari hii na Maguire, dhidi ya Liverpool. Ilikuwa 2-2.

Turudi kwenye kuumia kwenyewe, maana maneno ya vijiweni hapa huwa mengi kuliko maarifa. Kila mara beki anaposhika paja, kuna anayesema wachezaji wa siku hizi ni wa mayai. Utafiti wa miaka mingi unaofuatilia klabu kubwa za Ulaya chini ya UEFA ulionyesha kwamba msimu wa 2001/02 majeraha ya misuli ya nyuma ya paja yalikuwa asilimia 12 ya majeraha yote. Msimu wa 2021/22 yalifika asilimia 24. Msuli huo ndio breki ya mguu: mtu anapokimbia kwa kasi ya mwisho, unavutika wakati uleule unapofanya kazi ya kuuzuia mguu usirushwe mbele kupita kiasi. Mpira wa leo unamtaka beki asimame karibu na mstari wa kati, kisha ageuke na kukimbizana na winga mita 40 kuelekea lango lake mwenyewe, mara nyingi kwa mechi moja. Juu ya hapo, msimu huohuo wa 2023/24 waamuzi wa Uingereza waliagizwa kufidia muda wote unaopotea, mechi zikawa zinavuka dakika 100. Varane alikuwa amecheza fainali ya Kombe la Dunia Qatar Desemba 18, 2022, katikati kabisa ya msimu wa klabu. Mwili wa binadamu una hesabu zake.

Mfupa wa unyayo wa Martínez ni habari nyingine. Mifupa ile ni miembamba, inabeba uzito wote mtu anapogeuka ghafla, na inaweza kuonekana imepona huku haijakomaa. Alirudi Januari 2024 katika sare ya 2-2 na Tottenham. Februari 4 beki wa West Ham akamwangukia gotini, akatoka tena.

Shaw ndiye aliyeleta ugomvi mkubwa kuliko wote. Mara ya mwisho kuichezea United msimu ule ilikuwa Februari, pale Luton. Mwezi Julai huyo hapo, anaanza fainali ya Euro mjini Berlin akiwa na jezi ya Uingereza dhidi ya Hispania. Nimesikia watu wazima, wenye wajukuu, wakigombana hadi kunyimana salamu juu ya paja la Luke Shaw. Mimi namtetea: msuli hauulizi kalenda ya nani. Lakini naelewa hasira ya mtu aliyelipa kiingilio kila wiki kumtazama Amrabat akicheza namba tatu.

Kufika Aprili na Mei hali iligeuka kioja. Nusu fainali ya Kombe la FA dhidi ya Coventry, timu ya daraja la pili, Casemiro alirudishwa kucheza beki wa kati. United waliongoza 3-0, wakarudishiwa yote, wakapona kwa penalti. Mei 6, Selhurst Park, pacha walikuwa Casemiro na Evans, miaka 32 na 36. Crystal Palace wakafunga manne, mawili ya Michael Olise. Usiku ule hata mkono wa Evans haukusaidia kitu. Sauti inaweza kumpanga kijana mwenye mbio asiyejua pa kusimama. Haiwezi kumpa mbio kiungo mzee anayekimbizana na mtoto wa miaka 22. Wiki iliyofuata Arsenal walikuja, pacha walewale, Casemiro akachelewa kupanda na wenzake, Kai Havertz akapata nafasi ya kumtengea Leandro Trossard. 1-0. United walimaliza nafasi ya nane, ya chini kuliko zote walizowahi kushika hadi wakati huo tangu Ligi Kuu ianze mwaka 1992, wakiwa wamefunga mabao 57 na kufungwa 58.

Na bado, Mei 25, Wembley, fainali ya Kombe la FA. Varane na Martínez walikuwa wamepona kwa wakati, wakasimama pamoja dhidi ya City. Aaron Wan-Bissaka, mchezaji wa mguu wa kulia, alipewa namba tatu. Wasomaji wa Kongo watakumbuka kwamba baadaye alichagua kuichezea nchi ya wazazi wake. Alejandro Garnacho alifunga, Kobbie Mainoo akafunga, wote wa miaka 19, wote wametoka akademia ileile iliyomlea Evans. Dakika ya 73 Martínez alichoka, na aliyenyanyuka benchi alikuwa yule mlinzi wa geti. Jérémy Doku akafunga moja dakika ya 87. Zilizobaki zilikuwa dakika za mtu anayejua kupoteza muda bila kuonekana anapoteza muda: kuondosha mpira mbali, kumvuta mwenzake kwa jezi arudi kwenye mstari, kutembea pole kwenda kupiga mpira wa adhabu. 2-1. Evans alikuwa ameshabeba kombe hilo na Leicester mwaka 2021, lakini na United, pamoja na mataji yake matatu ya ligi, hakuwahi.

Kiangazi kilileta kejeli ambayo mtunzi wa tamthilia angeionea haya. Varane aliondoka, akajiunga na Como ya Italia, goti likagoma, na Septemba 2024 akatundika daruga akiwa na miaka 31. Kambwala aliuzwa Villarreal mwezi Julai. Mwezi huohuo Evans akaongezewa mwaka. Leny Yoro, miaka 18, aliyenunuliwa kutoka Lille awe beki wa kesho, alivunjika mfupa wa unyayo Julai 27 katika mechi ya maandalizi na Arsenal kule Marekani.

"Mwalimu kabaki, mwanafunzi kauzwa," kijana wa bodaboda alilalamika. "Si wangemuuza babu?"

"Nani anamnunua?" fundi akamjibu. "Na ukimuuza, huyo mtoto wa Kifaransa akipona atasimama na nani?"

Hapo sikuwa upande wa fundi moja kwa moja. Klabu inayomlea beki hadi aanze kueleweka, kisha ikamuuza, inarudi mwanzo kila mwaka. Lakini Oktoba 6, 2024, ten Hag akiwa amebakiza wiki tatu tu za kibarua chake, alimweka benchi Martínez na Matthijs de Ligt, akawapanga Evans na Maguire ugenini kwa Aston Villa. Ikaisha 0-0, na Evans alikuwa mmoja wa waliocheza vizuri kuliko wote. Mwezi Agosti alikuwa ameshaaga timu ya taifa ya Ireland ya Kaskazini baada ya mechi 107.

Alistaafu mwishoni mwa msimu wa 2024/25, na Juni 2025 klabu ikampa kazi ya kusimamia wachezaji wanaopelekwa kwa mkopo na njia yao ya kufika kikosi cha kwanza. Niliona kazi hiyo ilimfaa kuliko ukocha. Kocha wa kikosi cha kwanza hana muda na mtoto aliyeko klabu ya mbali, anayekaa benchi wiki ya nne, asiyejua kama kuna mtu bado anamkumbuka. Mtoto huyo anahitaji simu kutoka kwa mtu aliyewahi kulala Antwerp akiwa na miaka 18, mtu anayeweza kumwambia kwa uhakika kwamba wakubwa wataumia tu, na siku hiyo kocha atauliza nani yuko tayari.